Skrubu ya Ewan

Tamsin, uko? Siamini nilichokiona gereji.

Lile gari la spoti, aliloliunganisha kaka Ewan kipande kwa kipande kabla hajafa, limefeli kipimo cha moshi. Fundi akasema, "Mzee, kabureta inamwaga petroli nyingi. Zungusha skrubu hii kidogo tu, litapita."

Baba akaifunika kwa kiganja. "Aliyeiweka hivi ni mwanangu. Asiiguse mtu!"

Asiiguse mtu, Tamsin!

Mama akachukua bisibisi. "Colin, toa mkono. Ewan alitaka litembee barabarani." Akaizungusha mwenyewe.

Limepita.

Baba amekataa kupanda. Anatembea kwenye mvua, Mama anamfuata polepole na gari, anamwita. Hageuki.