Nimeirudisha “Nilikuwaga”

Nyegina,
Musoma Vijijini.
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Brenda,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na mumeo Nicolaus, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa, Hyasinta, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi uliopita. Sasa anaona hata vumbi ambalo sikutaka alione.

Nina jambo la kukiri. Mwezi Machi uliponitumia sura tatu za riwaya yako, nilikurudishia orodha ya makosa mia moja na tisa. Ukajibu kwamba umeiacha kazi hiyo. Nilidhani nimekutendea haki. Nilikosea.

Jicho la mama yako mkubwa lilipokuwa limefungwa bandeji, alitaka asomewe. Nikachukua sura zako, nikazisoma kama nilivyozisahihisha. Nilipofika pale Tausi, muuza dagaa wa Mwigobero, anapogombana na mteja, nikasoma: “Nilikuwa nikiuza dagaa hapa kabla hujazaliwa.” Hyasinta akanikatiza.

“Mwalimu, huyo ni nani tena? Tausi ameenda kuhojiwa redioni?”

Nikasoma ulivyoandika wewe, chini ya wino wangu mwekundu: “Nilikuwaga nauza dagaa hapa wewe hujazaliwa!” Alicheka mpaka akashika bandeji.

“Haya, huyo namjua,” akasema.

Jirani yetu Flora alikuja kuomba chumvi, akaketi kusikiliza. Sura ya tatu iliishia Bunda, Tausi akibisha mlango wa binti yake, yule ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyumbani. Flora aliondoka bila chumvi. Kesho yake asubuhi alikuwa uani kwetu.

“Shikamoo, Mwalimu. Amefunguliwa?”

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hakuna Tausi wala mlango. Yote yamebuniwa na binti wa ndugu yangu.

“Hilo najua, Mwalimu. Ila amefunguliwa?”

Kwa miaka thelathini na mmoja niliwafundisha wanafunzi kusoma hadithi ili wajibu maswali: mhusika mkuu ni nani, taja mafunzo mawili. Sikuwahi kuwauliza kama walihofia yatakayompata mhusika. Kumbe msomaji hadanganyiki. Anajua kuwa mtu huyo hayupo, na bado anamsogezea kiti. Husikia kwanza sauti yake. Akiiamini, ndipo hubeba mzigo wake. Mimi nilikuwa nikimnyang’anya Tausi sauti. Hata hivyo, niliposoma pale mlangoni, nilijikuta ninanong’ona, kana kwamba binti angenisikia.

Kwa hiyo nimeirudisha “nilikuwaga”, mara zote kumi na saba, maadamu imo kinywani mwa Tausi. Katika sentensi zako wewe msimulizi, “mlango yake” haitasamehewa.

Nisalimie Nicolaus na mdogo wako Makongoro. Hyasinta anakusalimu sana. Flora naye anakusalimu, ingawa hamjaonana, na hupita hapa mara mbili kwa siku.

Tafadhali, mwanangu, andika sura ya nne. Kama binti hatafungua, asifungue. Tutalia sote watatu. Lakini usiendelee kumwacha yule mama amesimama nje tangu Machi.

Mungu aubariki mkono wako wa kuandikia.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye bila kusahihisha,
Thadeo