Ghala Limejaa, Mjukuu Anasema Kiwanda Kinakufa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinijibu juujuu kama ulivyomjibu yule mama wa wiki iliyopita, maana mimi shule niliiachia darasa la tatu lakini watoto wangu wote nimewasomesha kwa kushona sare. Mwanangu wa kwanza ana kiwanda cha magodoro, na Jumatatu anataka nitie sahihi hati ya nyumba yangu iende benki iwe dhamana ya mkopo, na nilishakubali, kwa sababu nilikwenda kiwandani kwa miguu yangu nikaona ghala limejaa hadi darini, magodoro yamebanana hata panya hana pa kupita, nikajisemea mwenye mali hivi atafilisikaje, mimi enzi zangu kabati likijaa vitambaa nilikuwa nalala fofofo.

Sasa binti wa huyohuyo mwanangu, ambaye ndiye mhasibu wa pale, akanifuata jikoni, akafunga mlango. "Bibi, usisaini." Nikamwambia, "Wee! Unamwombea baba yako mabaya?" Akasema hapana, amepiga hesabu za uwiano, yaani unapima kitu kimoja kwa kingine: kwa kila mia wanayotakiwa kulipa mwaka huu, ukiacha magodoro, wanayo arobaini tu, na faida haifikii hata riba ya benki, na kila mwaka hali inashuka, na viwanda vingi vyenye hesabu za namna hiyo huanguka kabla ya miaka miwili. "Uyaache magodoro kwa nini?" nikamkemea. "Kwani ni takataka?" Akalia, akatoka.

Mwanangu alipopata habari akaja juu: "Mama, huyo namba zimempanda kichwani. Uwiano si Mungu. Unaniamini au huniamini?" Tangu siku hiyo hali chakula kwangu. Mshauri, sijawahi kumwogopa niliyemzaa, lakini nikisikia gari lake getini najifungia chumbani. Nikikataa kiwanda kikafa, atasema mama ndiye aliyekiua. Nikikubali, uzee wangu nitaupeleka kwenye kibaraza cha nani? Na usiniambie nisali. Kusali nasali.

Bibi Mshonaji

*

Bibi Mshonaji, shikamoo. Hutaki kubembelezwa, basi sikubembelezi.

Ghala ndilo lililokudanganya. Vitambaa vya kabatini mwako wateja walivileta wenyewe, wakasubiri washonewe. Magodoro yale hayana anayeyasubiri. Godoro lisilouzika halilipi mshahara wala riba, ndiyo maana mjukuu wako aliyaweka kando. Angekueleza, lakini ulimkemea kabla hajamaliza. Binti amehatarisha kazi yake na mapenzi ya baba yake ili wewe usikose paa, halafu unamwambia anaombea watu mabaya! Mtake radhi leo.

Mwanao amesema kweli moja: uwiano si Mungu. Wapo waliokuwa na hesabu mbaya wakapona. Lakini mgonjwa aliyepimwa presha ikakutwa juu, humtwishi gunia la saruji, na mkopo juu ya mkopo ni gunia.

Hofu yako naielewa, bibi yangu, ila mchelea mwana kulia hulia yeye. Usisaini. Mwite mwanao mwenyewe, usimtume mjukuu, umwambie, "Wewe nakuamini, mkopo siuamini." Akiuliza afanye nini, asimamishe kutengeneza mapya, auze yaliyo ghalani hata kwa bei ya kuumiza, akae na wanaomdai kabla hawajamfuata. Akikuletea karatasi nyingine yoyote, hata akisema ni ya kawaida tu, usiiguse mpaka mwanasheria asiyemjua aisome.

Atanuna. Atasema maneno yatakayokuchoma, na kiwanda huenda kikafa kweli. Siwezi kukuahidi vingine. Siku hiyo atatafuta pa kwenda na wanawe, na awe na mama mwenye mlango wa kumfungulia.