Plagi Ipi, Mama?

6 Machi

Mwanangu fundi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba huko kambini, kando ya hiyo barabara mnayoijenga, mvua haijawaingia vitandani. Mimi sijambo. Goti linalalamika kama kawaida yake, nami kama kawaida yangu silisikilizi.

Jenereta limeanza tena vituko. Umeme ukikatika asubuhi, navuta kamba mara kumi na tano ndipo liwake, kisha linakohoa, linatoa moshi mweusi, linazimika. Jana nilishinda nimeifunika mashine ya kutotolea vifaranga kwa mablanketi yote ya nyumba hii, hadi lile la wageni. Ndani mna mayai mia mbili. Nimeyaweka tarehe mbili, na Mungu akipenda yataanguliwa tarehe ishirini na tatu.

Unajua yale ya kwanza yaliyokuwa viza yote. Kaka yako alikuja, akaziba pua, akasema yakiharibika na haya nifunge nyumba nikakae kwake mjini. Kwa hasira nikamjibu sawa. Sasa neno limeshatoka, siwezi kulimeza. Nyumba ya kaka yako ni nzuri na mkewe ni mtu mwema, lakini mimi sitaki kuwa mtu wa kuulizwa "Mama, umekula?" mara nne kwa siku. Nataka mlango ninaoufunga na kuufungua mwenyewe.

Jirani ananiambia jenereta limekwisha. Nimemjibu kwamba hili halijawahi kuguswa na spana tangu linunuliwe, litakwishaje? Nijibu kwa mkono wa dereva huyu wa lori la kokoto, maana huko kwenu simu ni pambo tu.

Mama yako

8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Dereva anapiga honi, nisamehe kwa ufupi. Usinunue jenereta. Badilisha plagi, basi. Ni kazi ya dakika kumi. Pole na goti.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, ila moyo umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Nimebadilisha plagi. Nilimwita fundi redio wa pale sokoni, akanifungia mpya, nyeupe, yenye miguu mitatu, kwenye waya unaotoka kwenye mashine ya vifaranga. Akaipangusa kwa shati lake, akasimama pembeni kujisifu. Nikavuta kamba. Jenereta likakohoa vilevile, tena kwa dharau. Leo nimevuta mara ishirini na mbili mpaka bega likawa la mtu mwingine. Mayai yamepoa mara mbili tangu asubuhi.

Kama nawe umeona jenereta limekwisha na unanificha, niambie nianze kufunga mizigo. Kaka yako atakuja Jumapili ya tarehe ishirini na nne na pikapu. Ameshanipimia hadi mahali pa kitanda.

Mama yako

13 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana na bega. Niliposoma "miguu mitatu" nilicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna msiba. Kisha nikaacha kucheka, maana kosa ni langu. Sikukwambia plagi ipi.

Si hiyo ya kuchomeka ukutani. Ni ile iliyokazwa kwenye injini yenyewe, chini ya kofia nyeusi ya mpira yenye waya mnene. Hiyo ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Cheche inaruka kutoka ncha moja kwenda nyingine zaidi ya mara elfu kwa dakika, na kila inaporuka inaondoka na chembe ya chuma usiyoweza kuiona. Taratibu ncha zinalika, nafasi kati yake inapanuka, cheche inachoka kuruka. Petroli isiyoungua inageuka masizi, na masizi nayo yanaizima cheche iliyobaki. Haiharibiki kwa ubaya wa mtu, Mama. Inakwisha kwa kufanya kazi, kama soli ya kiatu.

Sasa nikwambie lingine. Jenereta lako limeguswa na spana. Kila miezi mitatu, ulipokwenda sokoni, mimi niliibadilisha hiyo plagi. Ulikuwa unawasimulia watu kwa raha kwamba mashine yako haijawahi kufunguliwa, nikaona nisikuharibie. Niliondoka mwezi wa sita mwaka jana, na tangu hapo hakuna aliyeibadilisha. Nilidhani nakusaidia, kumbe nimekuachia mashine usiyoijua. Naona aibu. Nisamehe.

Nimempa dereva plagi mbili na spana yake. Acha injini ipoe. Vua kofia, fungua ya zamani, ingiza mpya kwa vidole mpaka ikatae, kisha spana nusu mzunguko tu. Nafasi ya ncha nimeshaipima: iwe unene wa kadi ya laini ya simu, isizidi. Usimwite fundi redio.

Binti yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Lori limepita mara mbili bila barua yako. Dereva anasema alikukabidhi mzigo mkononi, ukaupokea bila neno. Kama umenikasirikia, andika hilo tu. Siwezi kufanya kazi vizuri.

Binti yako

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya ile barua niliyoinyamazia. Mimi mzima, mzima kabisa.

Kweli nilikasirika. Siku mbili nzima. Miaka minne najisifu mbele za watu, kumbe nyuma yangu kuna mtu na spana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe ulinificha, mimi nikajivuna, tukapata mayai viza.

Siku ya tatu nikakaa chini mbele ya jenereta na barua yako mapajani. Plagi ilikataa kutoka. Nikamwita jirani akalishika, nami nikaibana spana kwa mikono yote miwili. Ikatoka nyeusi tii, ncha imelika kama jino la kizee. Nikaweka mpya, vidole kwanza, kisha nusu mzunguko. Nikavuta kamba. Mara ya pili likawaka, likanguruma bila kikohozi hata kimoja. Nilikaa palepale kwenye masizi nikalia. Usimwambie kaka yako.

Nikangoja nione mayai kwanza ndipo nikuandikie, na Jumamosi yalianza kupasuka. Vifaranga mia moja hamsini na mmoja. Kaka yako alikuja kesho yake, akasimama mlangoni na kamba za kufungia mizigo mkononi, akavitazama muda mrefu. Akasema, "Basi, Mama." Nikamwambia kwa kuwa pikapu ipo, anipeleke nikanunue chakula cha vifaranga. Alibeba magunia manne mwenyewe, na alipoondoka alikuwa anacheka. Jana mchana nimelala usingizi mzito, wa kwanza tangu mwezi uanze.

Nimekusamehe. Lakini sasa kaa chini uniandikie kila kitu kingine ulichokuwa unanifanyia kimyakimya humu ndani. Bomba, paa, taa, chochote. Usiache hata kimoja, na usiogope kuniumiza. Nataka kukaa katika nyumba yangu nikiijua.

Mama yako