Shairi la Ngamia na Jina la Selvam

Jumatatu, 6 Februari 1967
Suruali mbili za karani na kanzu moja. Uzi mweusi umeisha. Malori hayaji bila msafara wa askari, na msafara hauji. Nimeshonea uzi wa bluu, karani hajaona.

Kabla ya kafyu nimekwenda kwa Selvam, fundi wa pampu ya maji kule mtoni. Mtamil wa Madras. Hapa Garissa mjini wanamwita Bombei, hajali. Kwao alikuwa mshairi, akitunga nyimbo za sinema. Leo amenieleza kazi ile. Mpiga muziki anakuletea sauti tupu, wewe unatafuta maneno ya kuingia ndani. Kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine halafu ucheze nacho! Nyimbo zake mpaka wauza samaki waliimba. Jina lake halikutokea kwenye pazia hata mara moja. Tajiri wa filamu aliweka jina la shemeji yake. Selvam akagombana naye, mlango ukafungwa kila mahali, akapanda meli, akajifunza pampu.

Ananieleza huku anapaka grisi. Mimi nikakasirika kuliko yeye.

Ijumaa, 10 Februari
Wamewaua ngamia wa adeer Yusuf.

Adeer ni ndugu ya baba yangu. Tangu yeye na watu wake wahamishiwe kambini, ndani ya ua wa miiba na askari mlangoni, mifugo hairuhusiwi kwenda malishoni. Leo ngamia wamevunja ua kwa kiu, wakakimbilia mtoni. Askari wakasema wanapelekewa shifta, waasi wa porini. Wakawapiga risasi. Na ndama pia.

Selvam aliona yote kutoka kwenye pampu. Alizima mashine, akakaa chini kwenye mafuta.

 Adeer amekaa na kamba ya kufungia ngamia mapajani.  

Jumapili, 12 Februari
Tumetunga! Yeye kwa Kitamil, ananigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, mimi natia kwenye Kisomali. Shairi letu kila mstari lazima ushike sauti moja ya mwanzo, ukiteleza watu wanakucheka. Nilidhani hataelewa. Kumbe na kwao mistari inashikana hivyohivyo. Tumeshika G, ya *geel*, ngamia. Nimetoka jasho kama nimebeba magunia.

Mawazo ni yake. Ngamia anayemuuliza askari kama na yeye ana kiu. Mimi nisingepata hilo hata nikiishi miaka mia.

Kisomali chetu hakina maandishi, kwa hiyo shairi limekaa kichwani tu. Hapa naandika Kiswahili, nilichojifundisha kwenye magazeti ya kufungia sukari.

Jumatano, 15 Februari
Binamu yangu Hassan, mtoto wa adeer, amepata ruhusa ya kutoka kambini kununua unga. Hassan ndiye hifadhi yetu. Akisikia shairi mara mbili limeingia, halitoki. Nimemghania nikiwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mdomo unasema. Akalia. Akauliza la nani. Nikamwambia. Akacheka, akasema tangu lini Bombei akajua ngamia. Halafu akarudia jina mpaka likakaa. Selfam. Sawa tu.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Jumamosi, 18 Februari
Hassan amelighani jana kambini, baada ya swala, watu wote wamekaa. Adeer alifunika uso kwa kitambaa. Ni mara ya kwanza analia tangu risasi zile.

Lakini desturi ni desturi. Kabla ya mstari wa kwanza unamtaja mwenyewe aliyelitunga, kwa sauti, kila mtu asikie. Hassan alisimama akasema hili ni la Selfam, mtu wa pampu. Na mle ndani kuna wanaopeleka maneno kwa askari. Kila mtu anajua wapo.

Nimemfuata Hassan mpaka kwenye ua, tukaongea kupitia miiba. Nikamuuliza hana akili?
"Na wewe ungesemaje?" akaniuliza. "Shairi lisilo na mwenyewe ni mali ya wizi, walaal, ndugu yangu."
Ningesema vilevile. Hata mimi sikufikiri.

Nikaenda kumwambia Selvam akimbie. Akimbilie wapi? Mto una mamba, barabara ina askari, na uso wake uko mmoja tu Garissa nzima. Hakuogopa. Aliniuliza kitu kimoja.
"Jina langu walilitamka vizuri?"
Nikasema vizuri.

Jumatatu, 20 Februari
Wamemchukua asubuhi. Pampu imesimama. Wanawake wameteremka na madebe mtoni.

Jumanne, 21 Februari
Nimekwenda kituoni. Nilitaka kusema maneno ya Kisomali ni yangu, kwa hiyo kosa ni nusu kwa nusu. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Selvam alikuwa uani, amechuchumaa, mdomo umevimba. Nikafungua mdomo tu, akanikata.
"Huyu fundi nguo," akamwambia askari. "Anadai pesa ya suruali. Mwambieni aende, nitamlipa nikitoka."
Askari akaniambia nipotee.
Nikapotea. Miguu ilikwenda yenyewe. Najichukia.

Jumatano, 1 Machi
Lori lilimpeleka Nairobi, wengine wanasema hakufika. Ofisini karani, yule wa uzi wa bluu, amesema nisiulize tena, kama napenda cherehani yangu. Hassan haruhusiwi kutoka tena. Adeer hali chakula.

Sijatunga kitu. Nikianza mstari naona mdomo uliovimba.

Jumapili, 19 Machi
Amekuja mchungaji mmoja wa mifugo, mzee kidogo, kutoka upande wa Buna, mbali kaskazini, na msafara wa malori. Anataka kanzu. Nikiwa nampima mabega akaanza shairi letu, chinichini, lote, hakuruka mstari. Alianza na jina.

Akasema njia nzima watu wanamuuliza huyu Selfam ni wa ukoo gani, yeye hana jibu, anaona aibu. Nimjulishe kama najua.

Askari wawili walikuwa wanakunywa chai duka la pili.

Nikasema simjui.

Akatikisa kichwa. Maskini, akasema, kama ukoo wake haujulikani basi sijui nani anamwombea dua.

Nikapima mikono, nikapima urefu. Kitambaa chake ni kifupi, hakitoshi kanzu. Nimemwambia arudi kesho, nitaona la kufanya.