Swali la Mashine Kuzimika

Nyamirembe, Biharamulo

Mama mpendwa, shikamoo. Mwombe mwalimu akusomee taratibu, maana nafasi ni ndogo na herufi nimezibana.

Nimefika salama bandarini, ziwa limetulia na sato wa hapa ni mtamu. Jana nilifanya mtihani wa leseni ya unahodha. Mkaguzi aliyekuja na meli kutoka Mwanza alipoona nimeishia darasa la nne, alifunga faili langu. Nikajua pantoni yetu ya mto Ruvubu atapewa mtu mwingine. Kisha akaniuliza, akiwa amekwisha kusimama:

“Mashine imezimika katikati ya mto, umebeba watu sitini. Utaanza na nini?”

“Nitawaambia wakae chini, ndugu mkaguzi.”

“Kitabu kinasema nanga kwanza.”

“Wakikimbilia upande mmoja tutapinduka kabla nanga haijashika. Wakati wa vita mashine ilituzimikia tukiwa na wanamgambo waliokuwa wakienda mpakani. Mimi, mfunga kamba tu, niliwakalisha, ndipo nahodha wetu akashusha nanga. Wote walivuka.”

Aliketi, akafungua faili tena, akanihoji habari za taa na kamba mpaka jua la utosini. Mwishowe akasema, “Leseni utapata, ila kwanza uje Mwanza miezi mitatu usome.” Nimekubali.

Jumamosi nitakuwa nyumbani Murukulazo, tuvune maharage pamoja kabla sijaondoka. Najua unavyoyaogopa maji kwa ajili yangu. Mungu akupe usingizi mwema, Mama.

Mwanao akupendaye,
Paskali