Yaya wa Zamani

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo, na kazi zinaendaje? Mimi mwili mzima, ila masikio ndiyo yamestaafu kabisa. Miaka ishirini na sita kando ya mashine ya kusaga unga si mchezo. Daktari kasema hayarudi, basi usilie.

Jumapili nakuja kuwaona wakwe. Nina ombi moja tu: waambie wanitazame usoni wakisema, polepole, mmoja mmoja. Wasinipigie kelele. Mtu akipiga kelele mdomo unapinda, siambulii kitu. Nina hamu wajue ni nani aliyekuzaa!

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai ulifika salama. Samahani hatukupata nafasi ya kuongea, wageni walikuwa wengi. Lakini ulitabasamu vizuri na wakwe wamekupenda. Harusi ni tarehe kumi Aprili.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hali yangu usiiulize.

Mama mkwe wako alikuuliza, "Huyu mama ni nani?" Ukamjibu, "Yaya wangu wa zamani. Mama alifariki nikiwa mdogo." Ulisema umenielekea, sahani mkononi. Loo! Ulidhani masikio yakifa na macho yanazikwa? Mdomo huo niliufundisha mimi kusema "maji". Nausoma kuliko gazeti. Nilitabasamu kwa sababu sikujua uso niupeleke wapi.

Kama unaogopa uziwi, waambie ni wa mashine, si wa ukoo, wajukuu wao hawataurithi. Maneno hayo hayajazi hata kijiko. Kweli shukrani ya punda ni mateke, lakini punda sikuzaa, nilikuzaa wewe. Nimeumia sana. Niambie, harusini nitakaa wapi?

Mama yako, niliye hai

4 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole kama uliumia. Nikisema mashine, watauliza mashine gani, halafu watajua nimesomeshwa kwa vumbi la unga. Hawa ni watu wa ofisini tangu babu zao. Nimeshasema umekufa, siwezi kukufufua wiki ya harusi.

Ukitaka kuja, njoo. Ingia mlango wa nyuma, ukae na wapishi, utaniona nikipita. Ila ukiniona, usiniite mwanangu. Siku hizi unapaza sauti bila kujua, na ukumbi mzima utasikia.

Mwanao