Kaka Yangu Alipishanisha Nyaya za Rada

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka, maana nina furaha ambayo siwezi kumwambia mtu. Nafanya kazi kwenye kituo cha rada inayopima upepo wa juu sana, kilomita tisini kutoka ardhini, na kazi yangu ni kulinganisha vipimo vyetu na vya setilaiti, na kwa miezi minane upepo wa kaskazini na kusini umekubaliana vizuri lakini wa mashariki na magharibi unapingana, rada ikisema unakwenda, setilaiti inasema unarudi, mpaka mkuu wetu akachoka akaandika barua ya kuwalaumu watu wa setilaiti, inatumwa Ijumaa. Basi juzi asubuhi nikageuza namba zetu za mashariki, kujumlisha kukawa kutoa, nikachora upya, na mistari miwili ikalaliana kama imechorwa kwa mkono mmoja, mshauri, nilizunguka kiti changu mara tatu. Ndipo nikakumbuka kwamba miezi minane iliyopita radi ilipiga antena, na nyaya mbili za antena zikipishana mashariki husomeka magharibi, na aliyezichomeka upya ni kaka yangu, fundi wetu, aliyenilea tangu mama afariki, na mwezi huu anapandishwa kuwa fundi mkuu. Naweza kuiacha alama ya kutoa ndani ya kompyuta kimyakimya, hakuna atakayejua. Nifanyeje?
Dada wa Rada

Dada wa Rada, kwanza hongera. Wenzako walilitazama kosa miezi minane wakakisingizia chombo cha watu; wewe umeliona. Sasa nikukaripie. Siku fundi mwingine akizirudisha nyaya mahali pake, alama yako itageuza ukweli kuwa uongo, na mkosaji utakuwa wewe. Tena mtu aliyekulea unamficha kama mtoto? Mfuate leo, wawili tu, na mchoro mkononi. Mkakague nyaya pamoja. Mkuu ajue kabla ya Ijumaa. Cheo kikichelewa, kichelewe. Aibu ya kufichuliwa haina dawa.

Tukiwa tunaandaa ukurasa huu, Dada wa Rada alipiga simu, anacheka huku analia. Nyaya mbili zilikuwa zimepishana kweli. Kaka alizitazama, akafuta mikono, akaomba ule mchoro. Dada akamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayempelekea mkuu mchoro huo.

“Nyaya nilichomeka mimi,” kaka alisema. “Naanza kuingia kwa mkuu mimi, niseme langu. Halafu njoo umweleze ulivyogundua, na usiharakishe, nataka kusikia yote.”